Sura za masultani wetu kwenye masanduku ya Birmingham

Mtu akitaka kukusanya picha za kale za watawala wa Unguja na Maskati, pa kuanzia ni Uingereza. Najua kauli hii itawakera baadhi ya wasomaji wetu wa Maskati, Dubai na Doha, lakini ndivyo hali ilivyo. Picha hizo zilichapwa London, zikanunuliwa na familia za Kiingereza, zikafungwa kwenye majalada mazito na kukaa darini miaka mia na zaidi. Wenyewe wakishafariki, nyumba husafishwa, majalada huuzwa, na wafanyabiashara huyachana ukurasa kwa ukurasa, maana kurasa zikiuzwa mojamoja huleta fedha nyingi kuliko jalada zima.

Mimi naishi Birmingham mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu haihusiani na sanaa wala historia. Lakini Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado wamelala, mimi huwa niko kwenye soko la vitu vikuukuu au duka la vitabu vya zamani, nimeinamia sanduku la karatasi. Nina karatasi 43 hadi leo. Mke wangu anasema ni 43 zaidi ya zinazohitajika, na sibishani naye.

Birmingham si mahali pabaya kwa kazi hii. Huu ni mji wa mafundi. William Radclyffe, mzaliwa wa hapa, alikuwa miongoni mwa wachongaji waliogeuza michoro ya Turner kuwa chapa kwenye sahani za chuma. Kiwanda cha Heaton cha hapahapa ndicho kilichopiga rupia za fedha za Mombasa za mwaka 1888. Ukiiona herufi ndogo ya H kwenye sarafu hiyo, ujue ilitoka huku. Na Maktaba ya Birmingham inahifadhi maelfu ya picha za Sir Benjamin Stone, mbunge wa mji huu, ambaye alikuwa na mazoea ya kuwasimamisha wageni nje ya Bunge la London na kuwapiga picha. Kwa hiyo mtu wa pwani akichimba hapa, hakosi kukuta kitu cha kwao.

Sanduku moja, Barghash na wafalme wa Wamaori

Wauza picha wa huku wana namna yao ya kupanga. Farasi peke yao, meli peke yao, makanisa peke yao. Halafu liko sanduku la watawala wa nchi za mbali. Humo ndimo alimo Sayyid Barghash bin Said, na jirani zake ni Shah wa Uajemi, Cetshwayo wa Wazulu, na wakuu wa Wamaori wa New Zealand. Ni kwa sababu ya ujirani huo ndipo nikaanza kuwasoma Wamaori, na nilichokisoma kimenifundisha namna ya kuwatazama watu wetu.

Hongi Hika, mkuu wa Wamaori, alifika Uingereza mwaka 1820 pamoja na mwenzake Waikato na mmishonari Thomas Kendall. Alikutana na Mfalme George wa Nne, na mchoraji James Barry akawachora wote watatu. Mwaka 1847 George French Angas alitoa kitabu kikubwa cha picha za rangi za Wamaori. Leo kurasa zake zinauzwa mojamoja kwa bei ambayo mimi huitazama tu na kupita. Mwaka 1884 akaja Tawhiao, mfalme wa pili wa Wamaori, kumlalamikia Malkia Victoria kuhusu ardhi iliyochukuliwa na Mkataba wa Waitangi wa 1840 ambao haukuheshimiwa. Malkia hakumwona. Alipelekwa kwa waziri wa makoloni, akaambiwa arudi akazungumze na serikali ya kwao.

Sasa mlinganishe na Barghash. Yeye alikuja mwezi Juni 1875, miaka miwili baada ya kutia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa la Unguja. Alialikwa rasmi, akafuatana na balozi John Kirk, akapewa mkalimani mzee George Percy Badger aliyejua Kiarabu barabara, na Malkia akampokea Windsor. Mmoja alikuwa mgeni aliyekubali walichokitaka wenyeji. Mwingine alikuwa mgeni mwenye madai. Lakini kwenye kurasa za magazeti wote wawili wamechorwa kwa mtindo uleule: kifua mbele, macho yametulia, mavazi yamechorwa kwa makini kuliko uso. Ukiitazama picha peke yake hujui nani alipokelewa na nani alikataliwa.

Tofauti kubwa iko kwa vizazi vyao. Wamaori huita vitu vya namna hii taonga, yaani hazina ya urithi ambayo mtu anaitunza kwa niaba ya ukoo. Picha za wazee hutundikwa kwenye nyumba zao za mikutano, na kwenye msiba huletwa karibu na maiti kama watu waliohudhuria. Mwaka 2017 picha mbili za Wamaori zilizochorwa na Gottfried Lindauer ziliibwa kwenye jumba la mnada mjini Auckland. Zilipopatikana mwishoni mwa 2022, habari ilipokewa kama ya ndugu waliorudi nyumbani. Sisemi sisi tufanye hivyo. Sisi tuna dini yetu na adabu yetu ya misiba. Ninachosema ni kwamba wao wanajua ni nani aliye kwenye picha, na ni wa nani. Sisi je?

Sura iliyopita mikono mitatu

Kabla ya kumlipa mtu, jua unachonunua. Picha nyingi za Barghash zinazouzwa zilitoka kwenye magazeti ya picha ya London, hasa Illustrated London News lililoanza 1842 na The Graphic lililoanza 1869. Wakati huo mashine ya kuchapa gazeti haikuweza kuchapa picha ya kamera moja kwa moja. Basi mpiga picha alipiga, mchoraji akaichora upya kwenye ubao mgumu wa mti uitwao boksi, na mchongaji akachonga ubao huo kwa patasi nyembamba. Sura unayoiona imepita mikono mitatu kabla ya kufika kwenye karatasi. Ndiyo maana pua ya Barghash katika chapa moja haifanani na pua yake katika chapa nyingine. Mchongaji hakuwahi kumwona.

Mti huo ni mwembamba, kwa hiyo ubao mkubwa ulitengenezwa kwa vipande vingi vilivyofungwa pamoja kwa skrubu, na wachongaji kadhaa waligawana vipande ili gazeti liwahi. Shika karatasi kwenye mwanga uitazame vizuri: mara nyingine utaona mstari mweupe mwembamba kama uzi umekatiza kilemba au bega. Hicho ni kiungo cha mbao. Mimi nikiuona mstari ule hufurahi, maana ni dalili nzuri.

Dalili nyingine ni hizi. Geuza karatasi: gazeti la kweli kwa kawaida lina maandishi upande wa pili, na habari zenyewe hazina uhusiano wowote na Unguja, moja ya karatasi zangu nyuma yake ina ripoti ya maonyesho ya ng'ombe. Chukua lenzi: mistari ya kuchongwa ni mistari kamili, lakini ukiona vitone vidogovidogo vilivyopangwa kama chandarua, hiyo ni chapa ya miaka ya karibu na 1890 kuja huku, au ni nakala ya juzi. Na rangi? Magazeti haya kwa kawaida yalikuwa meusi na meupe. Ukikuta Barghash mwenye joho jekundu na kilemba cha samawati, fahamu kwamba mara nyingi rangi imetiwa na muuzaji wa siku hizi ili picha ipendeze ukutani. Si haramu, lakini usiilipie kama ya kale.

Kuna pia vikadi vya picha halisi za kamera, vilivyobandikwa kwenye kadibodi ya ukubwa wa kama sentimita 6 kwa 10. Mfaransa Disdéri alisajili mtindo huo mwaka 1854, na dunia nzima ikawa inabadilishana vikadi kama leo watu wanavyotumiana picha kwa simu. Unguja ilikuwa na studio zake: Gomes, ndugu wa Coutinho, na baadaye Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Ukikuta kikadi chenye jina la Gomes au Coutinho nyuma, usikiachie upesi. Hapo angalau aliyesimama mbele ya kamera alimwona aliyeishika.

Soma maelezo ya chini ya picha kwa tahadhari. Waingereza walimwita Sayyid Said bin Sultan "Imamu wa Maskati" maisha yake yote, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Imamu. Babu yake, Ahmad bin Said, ndiye aliyekuwa. Jina la Barghash nimeliona limeandikwa kwa namna tano. Ukitafuta kwa tahajia moja tu, nusu ya mali itakupita.

Ndugu wawili katika mji mmoja

Karatasi ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka ule wa 1875, na sababu haimo kwenye picha yenyewe. Wiki zile magazeti yalipokuwa yakimchapa Barghash, dada yake alikuwa London hiyohiyo. Huyu ni Bibi Salme bint Said, aliyetoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alikuwa amekwishafariki, naye analea watoto watatu peke yake. Aliposikia kaka yake anakuja Uingereza alisafiri kwenda kumtafuta ili wapatane. Katika kitabu chake cha mwaka 1886 anaeleza jinsi Sir Bartle Frere alivyomzuia: akaahidiwa kwamba watoto wake wangeangaliwa, kwa sharti asijaribu kumwona Sultani. Akakubali kwa ajili ya watoto, na ahadi haikutimizwa.

Kwa hiyo mtu yeyote wa London mwenye senti chache aliweza kununua sura ya Barghash na kuikodolea macho nyumbani kwake. Damu yake mwenyewe haikuruhusiwa kumkaribia. Miaka kumi baadaye, 1885, Salme alifika Unguja kwa meli ya Kijerumani na kaka yake bado hakumpokea. Barghash alifariki 1888, yeye akafariki Ujerumani 1924. Mimi nimeweka picha zao kwenye ukurasa mmoja wa albamu, yeye katika mavazi ya Kiarabu aliyopigwa picha studio ya Hamburg. Ni nakala tu, ya kweli siiwezi bei yake. Lakini wamekaa pamoja.

Waliokuwa hawana majina

Hapa sasa nije kwenye jambo zito. Mtu akikusanya masultani peke yao, anakusanya nusu ya habari. Magazeti hayohayo ya miaka ya 1870 yaliyomchonga Barghash kwa heshima yalichonga pia watu waliokamatwa kwenye majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza. Wale wamekaa kwenye sitaha, mifupa nje, watoto kwa wakubwa. Sultani ana jina chini ya picha. Wao wameandikwa kwa neno moja, watumwa, basi.

Mwaka jana nilimpelekea mama yangu mdogo aliyeko Maskati picha za karatasi zangu zote kwa simu. Ana miaka zaidi ya themanini, macho bado makali. Alizitazama siku mbili, kisha akanipigia. Masultani hakuwasema. Aliuliza, "Mwanangu, na hawa wengine mbona hawana majina?" Nikamwambia gazeti halikuandika. Akanyamaza, kisha akasema, "Bibi yangu mzaa baba alikuwa suria kutoka bara. Jina alilopewa na wazee wake hata sisi hatulijui. Tunalijua la hapa tu."

Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tuna mwanamke wa namna hiyo katika ukoo. Tunataja nasaba upande mmoja hadi jadi ya saba, upande wa pili tunafika kwa bibi mmoja na njia inakatika. Watu hawapendi kulizungumza mezani, na sababu zao nazielewa. Lakini ukikaa na karatasi hizi muda mrefu, huwezi kujifanya huoni. Utumwa wenyewe Unguja ulifutwa kisheria 1897 tu, zama za Sayyid Hamud bin Muhammed. Hiyo ni jana.

Tangu simu ile nimebadilisha ninachokitafuta. Bado nanunua watawala nikiwapata kwa bei nzuri. Lakini sasa nawatafuta hasa watu wa kawaida wa pwani na bara ambao kwa bahati walichorwa na jina lao likaandikwa. Wapo. Yuko Sidi Mubarak Bombay, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akarudi na kuwaongoza Speke, Burton, Stanley na Cameron; Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimtunukia nishani. Wako Abdullah Susi na James Chuma, waliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani kisha wakaja Uingereza mwaka 1874 na kupigwa picha na familia yake. Yuko Jacob Wainwright aliyelisindikiza jeneza. Hawa walizungumza Kiswahili, walitembea kwa miguu, na sura zao zimo kwenye masanduku haya chini ya rundo la majenerali.

Bei, na namna ya kutunza

Wanaoniuliza bei nawajibu hivi: ukurasa wa gazeti wenye Barghash nimepata kwa pauni 18, na mwingine unaofanana nao nimeuona kwa muuzaji wa mtandaoni ukiombwa pauni 95 kwa sababu ulitiwa kwenye fremu. Fremu mpya, picha ileile. Vikadi vya studio za Unguja ni ghali zaidi na hugombewa mnadani. Kabla hujalipa, omba picha ya mbele na nyuma. Akikataa kuonyesha nyuma, mwache.

Karatasi za nusu ya pili ya karne ya 19 nyingi zina asidi, ndiyo maana hugeuka kahawia na kukatika kama majani makavu. Usitie gundi, usitie selotepu, na usipeleke kufunikwa kwa plastiki ya moto kama kitambulisho. Tumia kadibodi isiyo na asidi. Katika nyumba zetu za Ghuba adui wa kwanza ni jua la dirishani. Unguja adui ni unyevu na wadudu. Ukipenda kutundika, chagua ukuta usiopigwa na jua. Wasiopenda sura ukutani, hasa kwenye chumba wanachosalia, wana haki yao. Albamu nzuri kabatini inatosha, na karatasi hudumu zaidi humo. Ukisafiri, ilaze kati ya kadibodi mbili ngumu chini ya nguo. Usiikunje kama mkeka.

Na asiye na fedha asikate tamaa. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kuanzia miaka ya 1860, na unaweza kuzitazama bure kwenye intaneti. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Maskati kuna Bait Al Zubair na Makumbusho ya Taifa. Keti na wazee, fungua tarakilishi, mpitie pamoja. Unguja tuliona Beit el-Ajaib, jengo la Barghash mwenyewe la 1883, upande wake mmoja ukiporomoka siku ya tarehe 25 Desemba 2020. Jiwe likianguka hivyo, karatasi je?

Kazi inayoanzia nyumbani

Kuna swali ambalo vijana wetu huniuliza: picha hizi zirudi kwetu? Mimi naona ukurasa wa gazeti uliochapwa kwa maelfu si sawa na kitu kilichoporwa, anayeutaka aununue. Picha ya mtu mmoja, ya ukoo mmoja, iliyotoka nyumbani kwa watu, hiyo ni habari nyingine, na mwenye nayo akijulikana azungumzwe naye kwa adabu. Wapo Waingereza wanaotoa wenyewe wakielezwa ni ya nani. Ila lazima kwanza tuweze kueleza ni ya nani, na hapo ndipo tunaposhindwa.

Kila mara nikinunua kikadi cha Mwarabu wa Unguja asiye na jina, najua kwamba zamani lilikuwepo. Yeye alilijua, mkewe alilijua, watoto wake walilijua, na hakuna aliyelala akidhani litasahauliwa. Tazama sasa albamu za mama zetu zilizotoka Unguja na Mombasa kabla na baada ya 1964, zilizoko Seeb, Ruwi, Sharjah na Birmingham. Nyuma ya picha nyingi pako patupu. Aliyemo anajulikana kwa mtu mmoja tu, naye ana miaka themanini na kitu.

Chukua penseli, usitumie kalamu ya wino maana wino hupenya mbele. Mkalishe mzee wako, mwonyeshe picha mojamoja, mwandike kila aliyemo: jina lake, jina la baba yake na la mama yake, mtaa, mwaka kama anaukumbuka. Yaya aliyesimama pembeni, mpishi, nahodha, mtoto wa jirani, wote waandike. Mama yangu mdogo na mimi tunafanya hivyo kila Ijumaa baada ya sala, kwa simu. Tumefika picha ya sitini na moja.